Bangili ya Chausiku

Maili Moja, Kibaha
Jumapili, baada ya kanisa

Mwajuma, shoga yangu,

Sijui barua ya mtu aliyekufa huanza vipi. Ungekuwa hai ningeanza na afya, kisha ningekuuliza mvua, kisha ningekugombeza kwa kutonijibu barua mbili. Leo nimekaa na karatasi hii tangu nivue gauni la kanisani, na mpaka sasa nimeandika jina lako tu. Basi niseme haraka kabla sijapata kisingizio: nilikudanganya. Ukurasa wa kumi na tisa wa kile kitabu chetu hausemi nilichokuambia unasema.

Siku yenyewe unaikumbuka. Najua unaikumbuka.

Habari za Vihingo nazijua kwa kuletewa, lakini nitakupa zote, maana wewe ulikuwa huli mpaka umesikia habari. Shule ipo. Darasa lako la tatu amepewa kijana mmoja anayeandika ubaoni herufi kubwa kupita kiasi, na chaki ikiisha analalamika mpaka anasikika bomani. Ile meza ya ofisi ya walimu, ya miguu mitatu na tofali, imepata mguu wa nne. Mwalimu Kondo aliuchonga mwenyewe kabla hajastaafu, akakosea kipimo, sasa meza imeinamia dirishani badala ya mlangoni. Dadu zikirushwa pale leo zitaishia uwanjani. Hakuna anayezirusha. Mama yako anaendelea na mihogo yake. Sukari bado inagawiwa kwa kaya, na katika kaya yenu wamepunguza jina moja. Hilo nililisikia kwa mdogo wako Tatu, alilisema kawaida tu, nikajifanya natafuta kitu chini ya kitanda.

Ulizikwa saa kumi ya siku ile ile uliyokata roho. Mimi habari ilinifikia siku ya tatu, imepitia kwa dereva wa lori la mkaa pale Mlandizi, naye aliisema kama swali: "Kuna mwalimu wa Vihingo kafa kwa homa, ulikuwa unamjua?" Nilikuja kwenye arobaini. Nilikaa uani na wanawake nachagua mchele, nikalia kwa sauti mpaka mama yako akaacha shughuli zake akaniletea maji. Wakasema, tazameni huyu mtu wa bara anavyompenda mwenzake. Nilikuwa nakupenda kweli. Lakini nililia pia kwa sababu nilijua kitu ambacho wao hawakijui, na nilifurahi hawakijui.

Sasa nije kwenye mchezo. Wewe huhitaji kuelezwa, ila nikiueleza taratibu pengine nitafika pale panapouma bila kuruka.

Yule kijana wa Kizungu wa mradi wa visima alipoondoka alituachia boksi lililoliwa na mchwa pembeni, ndani mna dadu mbili na kijitabu cha Kiingereza. Hakukuwa na kete wala karata. Mchezo wenyewe ulikuwa maneno. Mmoja anasimulia nchi na hatari zake. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, anasema mtu wake anafanya nini, na penye mashaka dadu zinaamua. Mimi nilikuwa msimulizi kwa sababu moja tu, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kwa hiyo kitabu kilikuwa changu kukisoma. Mwalimu Kondo alikuwa na mwindaji mzee mwenye magoti mabovu kama yake. Wewe ulikuwa na Chausiku.

Majumba ya mawe yaliyochorwa kitabuni tuliyatupa wiki ya kwanza. "Shoga, huko kuna baridi," ulisema, "tuletee ya kwetu." Tukahamishia kila kitu msitu wa Pugu na mto Ruvu. Chausiku alikuwa na nguvu ya damu, aliyozaliwa nayo kutoka ukoo wa bibi yake: kutuliza maji. Kwenye dadu nguvu hiyo ilikuongezea alama tatu. Kisha kwa muhula mzima, kila Jumatatu na Jumatano baada ya kengele ya mwisho, wewe na Kondo mkahangaika kuitafuta bangili ya shaba ambayo nayo ilikuwa na uwezo juu ya maji. Hiyo iliongeza mbili. Siku mlipoipata ulipiga kigelegele humo ofisini mpaka Mwalimu Mkuu akachungulia. Kondo akajifanya anasahihisha madaftari, na daftari lenyewe kalishika juu chini.

Kabla ya uongo kulikuwa na wivu, na huo ndio unaonitia aibu zaidi. Msimulizi nilikuwa mimi, lakini waliosimama dirishani, mpishi wa uji na wale kina mama waliopita kuulizia watoto wao, walikuja kukusikiliza wewe. Mimi nilisema, "Mto umefurika." Wewe ulisimama, ukakusanya khanga magotini, ukaanza kuusemesha mto, na watu wakarudi nyuma wasilowe. Halafu mlikuwa mnakicheka Kiswahili changu. "Mwalimu Yusta akiongea utadhani anapanda mlima wa kwao," ulisema, wakacheka, nikacheka nanyi. Sikuwa nacheka, Mwajuma. Nilikuwa nahesabu. Nyumbani kwenu mimi nilikuwa mgeni kwa kila kitu, kwa kupika samaki, kwa kuvaa ushungi kwenye msiba, kwa kusalimia. Nilikuzidi kwa kitu kimoja, Kiingereza. Na asubuhi ya siku ile Mwalimu Mkuu alitamka mbele ya walimu wote kwamba darasa la tatu linasoma vizuri kuliko la sita. La sita lilikuwa langu. Kwa hiyo nilipokaa mezani alasiri nilikuwa nimeshakasirika, natafuta tu pa kuishushia hasira.

Chausiku akafika Ruvu. Ng'ambo kulikuwa na watoto wa kijiji chake waliotekwa na joka. Nikasema kuvuka kunataka kumi na mbili. Ukarusha dadu, tano na mbili. Ukaanza kuhesabu kwa vidole, kwa madaha, kama unavyowahesabia watoto wako: "Saba. Na tatu za damu, kumi. Na mbili za bangili, kumi na mbili! Nimevuka, shoga, nimevuka!" Mpishi wa uji alishaanza kupiga makofi.

Nikasema, "Havijumlishwi."

Ukanitazama huku vidole bado viko juu. Kondo ndiye aliyeuliza: "Mwalimu, damu kazaliwa nayo, bangili kaitafuta mwenyewe. Vinagombania nini hivyo?"

Sheria nilikuwa naijua kama jina langu. Kitabu, ukurasa huo wa kumi na tisa, kinasema vitu viwili vya aina moja havijumlishwi. Ukivaa bangili mbili za maji, unahesabu ile yenye nguvu zaidi, ya pili ni pambo. Lakini nguvu ya damu na nguvu ya kitu hujumlishwa, kwa kuwa hazitoki mahali pamoja. Kondo bila kujua Kiingereza alikuwa ameisema sheria yote. Ningeweza kusema, "Subirini, nimechanganya." Ingekuwa hata si uongo mkubwa, mtu anaweza kuchanganya. Badala yake nilichukua kitabu, nikakifungua popote kilipofunguka, nikakutana na habari ya farasi, anabeba mzigo kiasi gani na achoke lini. Nikaisoma kwa sauti. Nikaisoma kwa kile Kiingereza changu cha shule ya masista, haraka, pua juu, na nyote mkanyamaza kama mko msibani. Kisha nikafunga kitabu, nikatafsiri: "Damu na kitu chenye nguvu havijumlishwi, kikubwa humeza kidogo. Ukurasa wa kumi na tisa."

Nilikusomea habari za farasi, Mwajuma.

Chausiku akafa maji. Niliusimulia mwisho wake vizuri, hilo nalo nalikumbuka, siku hiyo mpishi wa uji alinisikiliza mimi. Wewe ukakunja ile karatasi yenye jina lake, ukaitia kwenye pindo la khanga. "Haya," ukasema. "Kitabu ni kitabu." Jumatatu iliyofuata ulikuja na mtu mwingine, fundi cherehani asiye na damu yoyote wala bangili, ukatuchekesha naye mpaka machozi. Nikajiambia yamekwisha. Ni mchezo, nikasema, nani anakufa kwa mchezo.

Mwaka uliofuata zikaletwa fomu mbili za kozi ya kujiendeleza hapa Kibaha, moja yangu, moja yako. Mtihani wa kuingilia ulikuwa na karatasi ya Kiingereza. Wewe ualimu uliuingia na darasa la saba, ukasomea hapo hapo kijijini kwa vijitabu na redio, na bado hakuna mwalimu niliyepata kumwona anayefundisha kusoma kama wewe. Kila mtu alijua ile fomu ni yako. Ukaniambia njiani, tunatoka kuchota maji: "Shoga, nataka nijipime kwanza. Niazime kamusi yako na kile kitabu cha mchezo. Nikiweza kusoma ukurasa mmoja peke yangu nikauelewa, najaza fomu. Nikishindwa nijue mapema, nisiende kuchekwa mjini."

Nilikupa. Sikukuuliza ukurasa upi. Mtu asiye na hatia angeuliza, au angesema, lete tusome wote. Kwa siku nne, nikikuona kwa mbali nageuza njia kwa kisingizio cha kuni. Siku ya tano ukavirudisha vyote viwili, vimefungwa kwenye gazeti.

"Kimenishinda," ulisema. "Nilidhani nimekielewa, kumbe."

Hilo "kumbe" lako nalisikia mpaka leo. Wakati ule nililisikia nikapata nafuu. Nikakushika bega nikasema, "Kiingereza kigumu hicho, hata mimi kinanitoa jasho." Ukaniitikia ahsante. Ukanishukuru, Mwajuma! Fomu yako ilirudi kwa Mwalimu Mkuu ikiwa tupu, yangu ikaenda Kibaha, nami nikaifuata. Ndiyo maana leo nina chumba Maili Moja, nafundisha la saba, nina baiskeli, na mabwana wa ofisini wananiita Madamu. Na wewe ulibaki Vihingo na homa yako.

Simaanishi kwamba ungekuwa hapa usingeugua. Sijui. Nakatazwa na akili yangu nisifike huko, lakini nafika karibu kila siku.

Alhamisi Tatu alikuja. Alibeba mihogo kutoka kwa mama na kifurushi kidogo. "Mama kasema haya madaftari ni yako, Mwalimu, mna jina lako ndani." Yalikuwa matatu. Mawili ni maandalio yako ya masomo. La tatu, la jalada la kijani, ni la zile siku nne ulizokaa na kamusi yangu.

Uliugawa ukurasa wa kumi na tisa mstari kwa mstari, Kiingereza juu, maneno ya kamusi chini yake kwa penseli, na mwisho ukaandika kwa wino: "Nguvu ya damu na nguvu ya kitu hujumlishwa, kwa sababu moja mtu amezaliwa nayo na nyingine ameipata. Vitu viwili vya namna moja tu ndivyo havijumlishwi." Hakuna neno la kurekebisha. Mimi mwenye kidato cha nne nisingeiweka sawa hivyo. Na juu yake umepiga alama ya mkasi kwa kalamu nyekundu, ukaandika pembeni: "Kosa. Mwalimu Yusta alisoma HAVIJUMLISHWI. Rudia."

Ukarudia. Ukurasa wa pili, tarehe ya kesho yake, kamusi upya, neno kwa neno, na jibu likawa lile lile. Mkasi. "Kosa. Rudia." Ukurasa wa tatu umeuandika kwa herufi za kubanana, karatasi imechubuka kwa kufutwa. Jibu lile lile. Na chini yake, kwa mwandiko wako wa mviringo unaoandikia ripoti za watoto: "Sifuri. Fomu nimrudishie Mwalimu Mkuu."

Wewe hukuwahi kumpa mtoto sifuri. Nilikuwa nakutania kwa hilo. Mtoto akikosa yote ulimpa moja, ukaandika, "kwa kuandika jina lako vizuri." Ulikuwa umepata mara tatu, shoga, mara tatu mfululizo, na ukajinyima hata ile moja ya jina, kwa sababu uliniamini mimi kuliko macho yako.

Nilidhani ukinigundua utanichukia. Hilo ndilo nililoliogopa siku zile nne. Halikunipitia akilini kwamba utausoma ukweli wote kama ulivyo halafu uuite kosa. Laiti ungenijia umepandwa na hasira, daftari mkononi, unitukane kwa Kizaramo mbele ya Kondo. Ningetahayari wiki mbili, basi, na wewe ungejaza fomu.

Sijamaliza. Tatu alikuwa amesimama nyuma yangu nilipokuwa nasoma. Unamjua alivyo, jicho lake halipitwi na kitu. Akanyoosha kidole kwenye ule wino mwekundu akauliza, "Mwalimu, hapa dada alikosea nini?" Mlango ulikuwa wazi, mchana kweupe, hakuna mwingine chumbani ila mimi na yeye. Nikasema, "Alikosea kidogo tu, mdogo wangu. Kiingereza ni kigumu." Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Alikuwa anasema hivyo hivyo," kisha akaanza kumenya mihogo.

Nimekudanganya ukiwa hai, na Alhamisi nimekudanganya ukiwa kaburini, kwa maneno yale yale. Ndiyo sababu naandika. Singeandika kama ningekuwa nimemjibu vizuri.

Kwa hiyo sikiliza ninachokuahidi, na hii nimeshamwambia Tatu nusu yake ili nisiweze kurudi nyuma; nimemwambia tu nakuja. Jumamosi napanda lori la asubuhi kutoka Mlandizi. Nitamwomba mama yako aite watu wake, na nitampitia Mwalimu Kondo kwake, magoti yake mabovu na yote, twende naye. Nitalifungua daftari la kijani mbele yao. Nitausoma ukurasa wa kumi na tisa wenyewe, polepole, kisha nitasoma tafsiri yako, kisha nitawasomea na habari za farasi ili wajue nilifanya nini. Mama yako akiniambia nitoke nitatoka. Akiniletea maji tena, sijui nitafanya nini.

Daftari sitalisahihisha hapa peke yangu. Juzi nilishika kalamu, nikaiweka. Nitapiga alama ya vema palepale, Tatu akiangalia, kwenye kila ukurasa kati ya zile kurasa tatu, na nitamwachia daftari na kamusi. Akitaka kujifunza, nitamfundisha mpaka achoke yeye. Akikataa kufundishwa na mimi nitamtafutia mwingine, wala sitamuuliza kwa nini.

Nikuage, Mwajuma. Mungu akulaze panapokufaa, mimi nakuombea kwa dini yangu na mama yako kwa yake. Ile karatasi ya Chausiku ilikuwa ndani ya daftari, imekunjwa vile vile ulivyoikunja, na nyuma yake ulikuwa umeandika hesabu ya siku ile na kuikata. Nimeiandika upya chini yake, kwa mkono wangu, na Jumamosi nitaisema kwa sauti. Saba. Na tatu za damu, kumi. Na mbili za bangili, kumi na mbili. Ulivuka siku ile ile, shoga.

Mimi,
Yusta